Kesi ya dereva aliyekuwa amelewa: nitaipataje rekodi yake, na nitaisomaje?

Kaka wa Bamburi aliuliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu, na hamjambo nyote.

Mdogo wangu ni mwendesha bodaboda hapa Mombasa. Jumapili moja alfajiri, sasa ni mwezi wa tatu, alikuwa ametoka kumshusha abiria upande wa Bamburi akagongwa kwa nyuma na gari dogo lililokuwa likitokea Mtwapa. Walioshuhudia ni akina mama wauza mahamri waliokuwa wameshawasha moto wao kando ya barabara, na wote wanasema neno moja: dereva alishuka akiwa hawezi kusimama bila kuushika mlango, harufu ya pombe ikimtangulia, na mlango ulipofunguka chupa ilibingirika kutoka miguuni pake mpaka kwenye mchanga. Askari wa trafiki walifika, wakampulizisha kile kifaa cha kupimia ulevi, wakaondoka naye. Sisi tukaondoka na mgonjwa wetu.

Mguu wa kushoto ulivunjika mahali pawili, ukatiwa vyuma. Kwa muda wa wiki saba hakuna mtu nyumbani aliyekuwa na nafasi ya kuifikiria kesi, kwa sababu ilikuwa ni hospitali, dawa na kutafuta fedha. Nilipokwenda kituoni kuulizia, ofisa aliyekuwa mezani aliniambia kwa sentensi moja tu kwamba kesi ilikwisha, mtu alilipa faini, kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Hakuna aliyetuita kutoa ushahidi na hakuna aliyetupigia simu.

Nimelitafuta jina la dereva huyo kwenye intaneti kwa siku nyingi, pamoja na maneno kama ulevi na ajali, na sikupata kitu. Naomba mwenye kujua anieleze: je, rekodi ya kesi kama hii ni ya siri? Kama si ya siri, huwekwa wapi, na mtu wa kawaida kama mimi huipataje? Na nikiipata, nitajuaje maana ya yaliyoandikwa, maana Kiingereza cha mahakamani kinanishinda? Sina nia ya kulipa kisasi. Nataka kujua ni nini hasa kilichoandikwa juu ya alfajiri ile, kwa sababu ndugu yangu kila akiniuliza sina la kumjibu.

Karani Mstaafu alijibu:

Wa aleikum salaam, na pole sana kwa mdogo wako. Nilifanya kazi ya masjala ya mahakama kwa miaka 22 kabla ya kustaafu, na swali lako nililisikia dirishani karibu kila wiki kutoka kwa watu waliokuja na machungu kama yako.

Rekodi hiyo si ya siri. Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kesi inayosikilizwa hadharani, na Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, katika kifungu chake cha 77, inasema mahali inaposikilizwa kesi ya jinai ni mahakama ya wazi. Hata hivyo, uwazi huo ni wa chumba cha mahakama na wa jalada lililoko masjalani, na haimaanishi kwamba kila ukurasa umewekwa kwenye intaneti. Tovuti ya Kenya Law ni ya bure na ni hazina kubwa, lakini sehemu kubwa ya maamuzi yake ni ya Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa na Mahakama ya Juu. Kesi za trafiki huamuliwa na mahakimu, na maamuzi ya mahakimu yanayochapishwa ni machache mno. Kwa kawaida kesi ya dereva mlevi utaiona pale iwapo tu mmoja wa pande mbili alikata rufaa. Kwa hiyo kulikosa jina lake kwenye intaneti hakukuambii chochote, si kwamba alishtakiwa wala kwamba hakushtakiwa.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba masjala hutafuta kwa namba. Jina ni njia ya mwisho, na ni njia yenye mashimo, kwa sababu huandikwa jinsi askari aliyemkamata mtu alivyolisikia: nimewahi kuona Mwinyi akiandikwa Muinyi, na jina la babu likaachwa kabisa. Basi anza na namba. Rudi kituoni ukiwa na tarehe, saa na mahali pa ajali, uombe namba ya OB, yaani namba ya tukio katika kitabu cha matukio cha polisi. Ukishaipata, uliza dawati la trafiki mambo matatu: mtu huyo alipelekwa mahakama ipi, siku gani, na kwa kesi namba ngapi. Kesi za miaka hii, tangu mahakama zilipoanza kupokea kesi kwa njia ya kielektroniki, namba yake hutanguliwa na herufi E, kisha namba yenyewe, kisha mwaka. Usiiache herufi hiyo unapoinakili, kwani bila yake unaweza kuletewa jalada la mtu mwingine.

Kama kituoni hawakusaidii haraka, siku yenyewe unaweza kuikadiria. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa hizo zikiishia nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya kazi, basi afikishwe kabla ya kwisha siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Jumapili alfajiri, kama hakuachiliwa kwa dhamana ya polisi na kupewa tarehe ya mbele, jina lake litafutwe katika orodha ya kesi ya Jumatatu. Mwambie karani uliyemkuta: naomba uniangalizie rejista ya trafiki ya Jumatatu ya tarehe fulani. Hilo ni ombi linaloweza kutekelezwa. Anayesema naomba mnitafutie kesi ya mtu fulani aliyemgonga ndugu yangu anamwachia karani bahari nzima.

Kuhusu mahakama ipi, Bamburi iko bara ya kaskazini, kwa hiyo mimi ningeanza Shanzu, halafu mahakama za Mombasa mjini. Kama ajali ingetokea ng'ambo ya daraja la Mtwapa, ingekuwa tayari ni kaunti ya Kilifi, na hapo hesabu hubadilika. Ni jambo dogo, lakini nimewaona watu wakipoteza wiki nzima kwenye masjala isiyokuwa yao.

Ukishaipata namba, andika barua fupi kwa msimamizi wa mahakama, utaje namba ya kesi, tarehe na uhusiano wako, uombe kulisoma jalada na kupewa nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka, mwenendo wa kesi na uamuzi. Ambatisha nakala ya kitambulisho chako na barua ya mdogo wako, kwa sababu yeye ndiye mwathiriwa, na Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inamtambua kama mtu mwenye maslahi katika kesi ile. Ada ya nakala hulipwa kwa njia rasmi na risiti hutolewa. Mtu akikuambia umpe mkononi ili jalada lipatikane upesi, mkatalie. Na polisi wakikaa kimya, waandikie ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo huipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu, na wasipojibu malalamiko yako yatapokewa na Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman.

Wakili wa Pwani alijibu:

Karani ameeleza vizuri jinsi ya kulifikia jalada. Mimi nitasema juu ya kulisoma, kwa sababu nimewaona wengi wakilipata jalada kisha wakatoka na maana isiyokuwamo.

Ndugu yangu, umekuwa ukitafuta neno ulevi. Jiandae kulikosa hata ndani ya jalada lenyewe. Rekodi ya mahakama hufuata shtaka lililoandikwa, na shtaka lililoandikwa si lazima liwe lile ambalo kila mtu barabarani aliliona. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ndicho kinachohusu kuendesha gari mtu akiwa amelewa, na adhabu yake haizidi faini ya shilingi 100,000 au kifungo cha miaka 2, au vyote viwili. Lakini soma maneno yake kwa makini: sheria inataka ithibitishwe kwamba pombe ilikuwa imemzidi dereva kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari ipasavyo. Harufu peke yake haitoshi. Kwa sababu hiyo mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kanuni za mwaka 2011 za kifaa cha kupima pumzi hazingeweza kuunda kosa la kuvuka kipimo tu, wakati sheria mama inazungumzia kushindwa kulidhibiti gari. Watu mitaani walidhani kifaa kimepigwa marufuku, na mpaka leo wako wanaosema hivyo. Uamuzi ule ulihusu shtaka linavyoandikwa. Matokeo ya kifaa yanahitaji kuungwa mkono na mengine: askari aliyeona jinsi mtu alivyotembea na kusema, daktari aliyempima, au ripoti ya damu kutoka kwa Mkemia wa Serikali, ambaye ana maabara hapa hapa Mombasa.

Sasa fikiria kiongozi wa mashtaka ana jalada la polisi Jumatatu asubuhi, ripoti hazijakuja, na mshtakiwa yuko tayari kukiri kosa jepesi zaidi. Kifungu cha 49 cha Sheria hiyo hiyo ya Trafiki, kuendesha bila uangalifu, kipo pale pale, na ushahidi wake ni rahisi. Kesi inaweza kumalizika kwa njia hiyo kabla ya saa sita mchana bila neno pombe kusomwa hata mara moja. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa kesi yenu, nasema ulitafute jambo hilo.

Kuhusu Kiingereza, usiogope sana. Rekodi ina namba za vifungu, na namba haina lugha. Ukiona 87(a), yaani ya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kando ya shtaka, maana yake upande wa mashtaka uliliondoa kwa idhini ya mahakama kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea. Mtu huachiliwa, lakini hajatangazwa kuwa hana hatia, na sheria yenyewe inasema anaweza kushtakiwa tena. Ukiona 87(b), liliondolewa baada ya hapo, na huko ni kuachiliwa moja kwa moja. Namba 202 ni kwamba mlalamikaji hakufika, na 204 ni kwamba mlalamikaji mwenyewe aliomba kuiondoa kesi. Namba 210 ni kwamba upande wa mashtaka ulileta ushahidi wake na hakimu akaona hakuna cha mshtakiwa kujibu. Na 215 ni hukumu baada ya kusikiliza pande zote, ama ya hatia ama ya kuachiliwa, kwa hiyo hapo ni lazima usome neno linalofuata. Mitaani mambo haya yote husemwa kwa maneno mawili, kesi iliisha, na hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa bila sababu, au hupata matumaini yasiyo na msingi.

Kama alikiri, tafuta ukurasa wenye maelezo ya tukio. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, utaratibu wa kukiri kosa katika mahakama zetu una hatua zinazojulikana: shtaka husomwa kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa, jibu lake huandikwa kwa kadiri inavyowezekana kwa maneno yake mwenyewe, kisha kiongozi wa mashtaka husimulia tukio lenyewe, na mshtakiwa hupewa nafasi ya kuyakubali au kuyapinga maelezo hayo kabla hajatiwa hatiani. Maelezo hayo huwa aya moja au mbili tu, lakini ndiyo picha pekee ya ajali aliyokuwa nayo hakimu alipokuwa akipanga adhabu. Yasome mara tatu. Angalia kilichotajwa kuhusu ulevi, na angalia zaidi kilichotajwa kuhusu majeraha.

Angalia pia tarehe. Aliyekiri anaweza kukata rufaa juu ya adhabu tu, na muda wa rufaa ni siku 14. Muda huo ukishapita, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi huifanya hatia ile kuwa uthibitisho usiopingika katika kesi nyingine, yaani ukimdai fidia hawezi kusimama na kusema hakuendesha vibaya. Kwa hiyo hata faini inayoonekana ndogo yaweza kuwa na thamani kubwa kwenu. Na msilale: dai la fidia kwa majeraha lina miaka 3 tangu siku ya ajali.

Mama wa Kisauni aliandika:

Pole, mwanangu. Ningependa kuongeza jambo moja tu, na naliongeza kwa uchungu kwa sababu nililitenda mimi.

Nina tuktuk tatu ambazo huajiri vijana kuziendesha. Mwaka juzi nilikuwa namtafuta dereva, akaja kijana mpole mwenye barua nzuri, na jamaa yangu mmoja akaniletea kwenye simu picha ya orodha ya kesi yenye jina kama la yule kijana, majina mawili yote, karibu na kesi ya kuendesha akiwa amelewa. Sikuuliza zaidi. Nikamwambia nafasi imejaa. Miezi minne baadaye nikagundua, kwa mama yake tuliyekutana naye msibani, kwamba mwenye kesi alikuwa mtu mwingine kabisa, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, na kijana wangu alikuwa hajaonja pombe maishani mwake. Hapa kwetu majina yanarithiwa, mtoto hupewa jina la babu, ukiingia mtaa mmoja tu unaweza kuwakuta watano wanaoitwa sawasawa. Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alinisamehe, lakini kazi alikuwa ameikosa, na mama yake aliyasikia maneno yale mtaani kabla yangu.

Kwa hiyo, ukilipata jalada, linganisha namba ya kitambulisho, namba ya gari na mahali pa ajali kabla hujasema huyu ndiye. Na orodha ya kesi husema tu kwamba mtu ataitwa siku fulani. Haisemi kama alipatikana na hatia. Usiipige picha karatasi ile ukaitupa kwenye makundi ya WhatsApp, kwani mbali na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, uko uwezekano wa kumchafua mtu asiyehusika, na jina likishachafuka halisafishiki upesi.

Siku hizi ninapoajiri, simchunguzi mtu kwa kificho. Namwomba aniletee mwenyewe cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi, ambacho huombwa kwa eCitizen kwa shilingi 1,050 na alama za vidole, halafu namuuliza ana kwa ana kama amewahi kuwa na kesi ya barabarani. Wengi husema kweli wakiulizwa kwa heshima.

Kaka wa Bamburi aliandika tena, wiki tatu baadaye:

Nawashukuru nyote, nimerudi na habari. Nilifuata maneno ya Karani hatua kwa hatua. Kituoni nilipata namba ya OB siku ya pili, ya kesi sikupewa, lakini kwa kuihesabu ile Jumatatu nilikwenda masjala ya kwanza nikaambiwa hakuna, nikaenda ya pili, na dada aliyekuwa dirishani aliishusha kidole rejista ile mstari kwa mstari mpaka akafika. Jina la dereva lilikuwa limeandikwa bila herufi mbili. Namba ya gari ndiyo iliyotuhakikishia.

Jalada lenyewe ni jembamba kuliko nilivyodhani, karatasi nne pamoja na risiti. Hati ya mashtaka ina mashtaka mawili. La kwanza ni kifungu cha 44. La pili ni kifungu cha 49. Kando ya la kwanza kuna mstari mmoja kwamba kiongozi wa mashtaka anaomba kuliondoa, na namba ni 87(a), kama Wakili alivyosema nitafute; sababu haikuandikwa. La pili alikiri, akatozwa faini, akalipa siku ile ile, na risiti imebanwa nyuma.

Nilisoma maelezo ya tukio mara tatu nikiwa nimesimama pale dirishani. Yanasema gari liligonga pikipiki kwa nyuma, na kwamba mwendesha pikipiki alipata majeraha madogo akapelekwa hospitali. Majeraha madogo! Tarehe ni Jumatatu, na mchana wa Jumatatu ile mdogo wangu alikuwa chumba cha upasuaji akitiwa vyuma, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje nimeshika viatu vyake. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ilijazwa siku kumi na moja baadaye. Kwa hiyo hakimu hakuambiwa habari za mguu, na sina hakika kama kiongozi wa mashtaka mwenyewe alikuwa anajua.

Wakili, naomba uniambie, hapa nilipofika kuna njia?

Wakili wa Pwani alijibu:

Zipo njia mbili, na sitaki nikupambie hata moja.

Ya kwanza ni ya jinai. Shtaka lililoondolewa kwa 87(a) halijafungwa, kwa hiyo mdogo wako ana haki ya kuiandikia ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hapa Mombasa, akiambatisha P3, ripoti ya hospitali na majina ya wale akina mama wa mahamri, na kuuliza kwa nini liliondolewa na kama litarudishwa. Hata hivyo tambua kwamba dereva atajitetea kwa kusema ameshatiwa hatiani kwa tendo lile lile, na hoja hiyo ina uzito. Iko pia nafasi ya kuiomba Mahakama Kuu iitishe jalada na kulipitia chini ya kifungu cha 362 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, ili iangalie kama mwenendo na adhabu vilikuwa halali na vya haki. Kwa muda ambao umepita, ombi hilo lisicheleweshwe, na liandaliwe na wakili.

Ya pili ni ya fidia, na hii ndiyo ninayoiona kuwa imara. Kukiri kwake chini ya kifungu cha 49 kunasimama, na siku 14 zimepita. Mnahitaji nakala zilizothibitishwa za zile karatasi nne, hati ya polisi ya ajali inayoonyesha bima ya gari, P3 na ripoti ya daktari. Upande wa pili hautazuiwa kudai kwamba mdogo wako naye alichangia ajali, labda kwamba taa yake ya nyuma haikuwaka, kwa hiyo pikipiki msiitengeneze kabla haijapigwa picha na kukaguliwa. Yale maneno majeraha madogo yasikuvunje moyo. Katika dai la fidia, mguu hupimwa kwa ripoti ya daktari. Ile aya iliyosomwa Jumatatu haina kauli juu yake.

Karani Mstaafu aliongeza:

Kabla hujaondoka na nakala, hakikisha kila ukurasa una muhuri na sahihi ya uthibitisho, na risiti ya faini nayo inakiliwe. Watu huisahau risiti, ilhali inaonyesha tarehe na namba ya kesi kwa mashine, na mwandiko wa mkono ukibishaniwa, risiti haibishani.

Kaka wa Bamburi:

Nimepata mihuri yote, na risiti nimeinakili. Pikipiki bado iko uani kama ilivyoletwa, tumeifunika kwa turubai, na taa yake ya nyuma imevunjika lakini balbu ni nzima. Jana usiku tuliandika barua ya ofisi ya mashtaka pamoja, mimi nikishika kalamu na yeye akinisomea tarehe kutoka kwenye kadi yake ya hospitali. Pale palipotakiwa maelezo ya majeraha aliniomba kalamu, akayaandika mwenyewe, mistari sita, kisha akatia sahihi. Jumatatu asubuhi naipeleka.